Maswali ya Wasomaji: Damu Inasema Nini Kuhusu Moyo wa Kijana?

Mwezi huu nimepokea barua nyingi kuliko kawaida kutoka kwa watu wenye umri chini ya miaka 45 wanaotaka kujua kama kipimo cha damu kinaweza kuwaambia mapema kwamba watapata mshtuko wa moyo. Nimechagua barua nne kutoka Moshi na Arusha. Majina yameondolewa kwa ombi la walioandika, na barua moja imefupishwa.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii mlimani Kilimanjaro, nina miaka 34, ninaishi Majengo, Moshi. Mwezi wa saba tulishuka na wageni kwa njia ya Mweka, na usiku huohuo mwenzangu wa miaka 38 akaanza kulalamika kwamba kifua kinabana na kinaungua. Alipelekwa kituo cha karibu, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akarudi kulala. Alfajiri tulimkuta amekwisha kufariki, na uchunguzi wa mwili ulionyesha kuwa ulikuwa mshtuko wa moyo. Kesho yake nilikwenda maabara nikaomba vipimo vyote vya moyo. Troponini imeandikwa iko juu kidogo ya kikomo, CRP ni 14, na lehemu ni 4.8, ambayo wameandika ni ya kawaida. Baba yangu alianguka shambani akafa akiwa na miaka 47, na nyumbani walisema amerogwa. Navuta sigara tano au sita kwa siku. Tangu nipate karatasi hii sijapanda mlima. Je, nimekwisha kupata ugonjwa wa moyo?

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyote mliofanya kazi na marehemu. Nianze na jibu lenyewe ili usizidi kukosa usingizi: kwa maelezo uliyonipa, karatasi hiyo haithibitishi kwamba moyo wako una ugonjwa. Hata hivyo haikutoi wasiwasi pia, kwa sababu jambo zito kuliko yote katika barua yako halimo kwenye karatasi ya maabara. Jambo hilo ni kifo cha baba yako.

Vipimo vya damu vinavyohusu moyo viko vya namna mbili, na watu huvichanganya, wakati mwingine hata sisi watoa huduma. Namna ya kwanza inajibu swali la sasa hivi: je, msuli wa moyo unaumia? Namna ya pili inajibu swali la miaka: je, kuna kitu ndani ya damu hii kinachoharibu mishipa polepole? Troponini ni ya namna ya kwanza. Ni protini inayokaa ndani ya chembe za msuli wa moyo, na chembe hizo zinapoumia huvuja kuingia kwenye damu, kwa kawaida ndani ya saa chache tangu maumivu yaanze. Kikomo kinachoandikwa kwenye karatasi kimewekwa mahali ambapo watu 99 kati ya 100 wenye afya huwa chini yake, kwa hiyo kukipita kidogo ni dalili ya kuuliza zaidi kabla ya kutoa hukumu. Hospitalini hatuamui kwa namba moja iliyopanda kidogo. Tunachukua damu, tunasubiri saa kadhaa, tunachukua tena, tunatazama kama namba inapanda au inashuka, kisha tunailinganisha na maumivu ya mgonjwa na kipimo cha umeme wa moyo.

Wewe ulipimwa mara moja tu, bila maumivu, siku moja baada ya kushuka kutoka mlima wenye mita 5,895, ukiwa umetembea siku kadhaa na mzigo mgongoni. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa marathoni wanapomaliza mbio wamekuta mara nyingi kwamba troponini imepita kikomo, halafu ikashuka yenyewe ndani ya siku moja hadi tatu, bila mshipa wowote kuziba. Kazi yako ina ugumu wa namna hiyohiyo, tena unaifanya mahali penye hewa haba. Kwa hiyo maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba ulipima siku isiyofaa. Neno karibu nimelitumia kwa makusudi, kwa maana bado unatakiwa kupimwa umeme wa moyo na kuchunguzwa na daktari ana kwa ana, na safu ya gazeti haiwezi kukufanyia hayo.

CRP ya 14 inasomwa kwa hadhari hiyohiyo. Ini hutengeneza protini hii mwili unapopambana na maambukizi au majeraha, na hupanda kwa mafua, kwa malaria, kwa jino bovu, hata kwa malengelenge ya miguu na misuli iliyochoka. Ni kweli kwamba CRP ikipimwa kwa njia yenye usikivu mkubwa, mtu akiwa mzima kabisa, husaidia kukadiria hatari ya moyo: chini ya 1 hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, juu ya 3 imeongezeka. Lakini ikipita 10 hatuihesabu kwa ajili ya moyo. Tunatafuta chanzo chake, tunasubiri wiki mbili au zaidi, kisha tunapima upya.

Sasa lehemu. Namba yako ya 4.8 ni jumla ya lehemu yote, na jumla huficha mengi. Uliza LDL ni ngapi, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba lehemu na kuiingiza kwenye kuta za mishipa. Uliza pia HDL, ile inayorudisha lehemu kwenye ini, na trigliseridi, ambazo ni mafuta mengine ya damu. Watu wawili wanaweza kuwa na jumla ya 4.8, mmoja akiwa na LDL ya 2.6 na mwingine ya 3.6, na tofauti hiyo ikidumu miaka 30 si ndogo hata kidogo. Ninyi wa mlimani mnaijua mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani. Maji yenye tope kidogo tu hayazibi mfongo kwa msimu mmoja. Yakipita miaka mingi bila mtu kwenda kuzoa, tope hujaa. LDL inahesabiwa hivyo, kiasi chake mara miaka iliyopita, na ndiyo sababu uharibifu huanza mapema kuliko watu wanavyodhani: mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupasua miili ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 hivi, na katika zaidi ya robo tatu ya mioyo hiyo walikuta dalili za ugonjwa kwenye mishipa.

Kuna mahali mfano wa mfongo unakomea, na hapo ndipo kifo cha mwenzako kinapoeleweka. Tope la mshipa halikai katikati ya njia, linajificha ndani ya ukuta, na juu yake kuna utando mwembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda pale kwa dakika chache na kuziba njia yote, hata kama jana yake njia ilikuwa wazi kiasi cha kumfikisha mtu kilele cha Uhuru na kumrudisha. Kwa hiyo nguvu za kupanda mlima hazikuwa ushahidi kwamba mishipa yake ni mizima. Sigara huukera utando huo na kuifanya damu igande upesi zaidi, na kwa watu wanaopata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 50 uvutaji ni miongoni mwa mambo tunayoyakuta mara nyingi zaidi. Sigara tano si chache. Hatari haipungui sawasawa na idadi ya sigara, na mtu anayevuta chache bado anabeba sehemu kubwa ya hatari ya anayevuta pakiti nzima. Hili naomba ulitende leo, kabla ya kipimo chochote.

Turudi kwa baba yako. Mwanamume aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65, akiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja, tunamhesabu kama alama ya hatari kwa ndugu zake. Siwezi kujua baba yako alikufa kwa nini. Huenda ulikuwa mshtuko wa moyo, na huenda ulikuwa ugonjwa wa msuli wa moyo kuwa mnene, ambao hurithiwa, huua ghafla, na hauwezi kuondolewa shaka kwa lehemu wala CRP. Ugonjwa huo hutafutwa kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kwako wewe ningevitanguliza hivyo kabla ya kurudi kupanda. Ungana na ndugu zako mkusanye kumbukumbu: nani mwingine alianguka, akiwa na umri gani, akiwa anafanya nini. Neno la kurogwa limefunika historia za mioyo ya koo nyingi, na sisemi hivyo kuwakosea heshima wazee waliokuwa wakitafuta maelezo ya msiba wao.

Kwa historia hiyo, ongeza kipimo kimoja ambacho hutosha kufanywa mara moja maishani: lipoprotini a, ambayo maabara huandika Lp(a). Iligunduliwa mwaka 1963 na mtafiti wa Norway, Kåre Berg. Kiasi chake huamuliwa karibu chote na vinasaba, hakibadiliki kwa chakula wala mazoezi, na takriban mtu mmoja kati ya watano duniani anacho kwa wingi unaoongeza hatari, yaani zaidi ya miligramu 50 kwa desilita. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana kiwango cha juu kuliko Wazungu. Si kila maabara inakipima, kwa hiyo uliza kama wanapeleka sampuli kwenye maabara kubwa. Kikiwa juu, tutakuwa wakali zaidi kwa yale tunayoweza kuyabadilisha: LDL, presha, sukari na sigara.

Neno la mwisho kwako na kwa wenzako, nanyi mlipeleke kwenye kambi zote. Utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali kubwa ya kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa, kati ya watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na mshtuko wa moyo, na karibu wote walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwingine. Umri mdogo huzidisha kosa hilo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hufikiri ni kiungulia na anayempokea hufikiri vivyo hivyo. Kifua kikibana kama kilichowekewa mzigo, kwa zaidi ya dakika 15, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu, au maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, usiende maabara na wala usisubiri asubuhi. Nenda hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo na ukitaje kwa jina pale mapokezi, kwa maana kinatakiwa kufanywa ndani ya dakika 10 tangu ufike. Aspirini ya miligramu 300 ikipatikana, itafune, isipokuwa kama inakudhuru au unatokwa na damu. Na ukipimwa troponini saa moja tu tangu maumivu yaanze ikaonekana ya kawaida, kataa kuruhusiwa mpaka ipimwe tena.

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 29, ni dereva wa bodaboda hapa Arusha. Karibu na stendi kuna watu wenye mashine; unashika chuma kwa kiganja dakika moja, wanakupa karatasi yenye magonjwa kama 40. Yangu inasema mishipa ya moyo imeziba kwa asilimia 60. Wananiambia ninunue dawa ya kusafisha mishipa, dozi ya miezi mitatu ni shilingi 280,000. Nikope?

Usikope, kijana wangu. Hakuna mashine inayoweza kujua hali ya mishipa ya moyo kwa kushikwa kiganjani. Mishipa hiyo huonekana kwa picha maalumu, mgonjwa akiwa amedungwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kazi hiyo hufanywa katika vituo vichache, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam. Wala hakuna dawa ya unga au ya vidonge inayosafisha mishipa kama brashi inavyosafisha bomba. Inanihuzunisha kwamba asilimia hiyo 60 imekaa kichwani mwako unapoendesha abiria barabarani, wakati haikutoka popote.

Chukua sehemu ndogo ya fedha hiyo upime presha, sukari, na mafuta ya damu yakiwa yameandikwa LDL, HDL na trigliseridi. Ukipimwa kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, lakini mweleze mpimaji kama una upungufu wa damu au selimundu, kwa sababu hali hizo huweza kuipotosha namba. Na kama unatafuna mirungi ili usisinzie usiku, acha: huipandisha presha na kuibana mishipa ya moyo, na tumeona vijana wakilazwa kwa ajili yake.

Daktari, mimi ni mwalimu, nina miaka 39, ninaishi Sakina, Arusha. Ni mwembamba, sili nyama ya nguruwe, natembea kwenda kazini. Kaka yangu aliwekewa stenti, kile kibomba cha kufungua mshipa wa moyo, akiwa na miaka 42, ndipo nikapima. LDL yangu ni 5.6. Niliambiwa niache mayai na ninywe maji ya limau na kitunguu saumu, nikafanya hivyo miezi minne. Nimerudia katika maabara nyingine, sasa wameandika 209! Nina watoto wawili, na mimba ya pili nilipata presha. Nimekosea wapi?

Mwalimu, hujakosea popote. Kwanza tuitulize hiyo 209. Maabara zetu zinatumia vipimio viwili: nyingine huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na kwa lehemu unabadilisha ya kwanza kwenda ya pili kwa kuzidisha na 38.7. Ukizidisha 5.6 unapata 217, kwa hiyo 209 yako imeshuka kidogo sana. Nimewahi kumpokea mama kutoka Tengeru aliyekuwa amezikunja karatasi zake mbili ndani ya kitambaa kimoja na hela za nauli, moja ikisema 3.4 na nyingine 131, naye alikuwa amelia usiku kucha akiamini lehemu imezidi mara 40. Zilikuwa namba ileile. Kila mara tazama herufi ndogo zilizo kando ya namba. Trigliseridi zina hesabu yake nyingine, unazidisha na 88.6, kwa hiyo usitumie ya lehemu.

LDL inayopita 4.9 kwa mtu mwembamba, mwenye ndugu aliyeugua moyo kabla ya miaka 55, hutufanya tufikirie lehemu ya juu ya kurithi, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Ini lina vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiondoa kwenye damu. Mwenye hali hii amerithi kasoro katika kazi hiyo, hivyo LDL hubaki ikizunguka tangu alipozaliwa. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliovigundua vipokezi hivyo huko Dallas, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Naeleza haya ili uone kwa nini limau halikukusaidia. Chakula kizuri huishusha LDL kwa sehemu ndogo, pengine asilimia 10 hadi 15, na wewe unahitaji ishuke kwa nusu au zaidi.

Kabla ya kukuwekea jina hilo, daktari wako anatakiwa kuondoa sababu nyingine zinazopandisha LDL: tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, na ini ambalo nyongo yake haipiti vizuri. Pia atakutazama. Mwombe akushike kano iliyo nyuma ya kisigino, kwa sababu kwa baadhi ya watu lehemu hujikusanya pale na kano huwa nene yenye vinundu, na atazame kama kuna duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho, ambalo kabla ya miaka 45 lina maana.

Ikithibitika, dawa ya kwanza ni statini, kama atovastatini au rosuvastatini, ambazo ni vidonge vya kila siku na kwa kawaida vya maisha yote. Mwambie daktari kama unatarajia mimba nyingine, kwa sababu kwa kawaida statini husimamishwa wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Presha ya mimba uliyoitaja nayo iandikwe kwenye faili lako. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au presha ya mimba pamoja na protini kwenye mkojo, ana hatari ya ugonjwa wa moyo baadaye inayokaribia mara mbili ya mwenzake, na kliniki zetu humsahau mara tu mtoto anapozaliwa. Hili nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Usisikitikie mayai uliyoyaacha. Angalia zaidi mafuta ya kupikia: yale yanayoganda ndani ya dumu katika asubuhi za baridi za Julai hapa Arusha yana mafuta mazito mengi, na alizeti ni afadhali kwako. Angalia pia kahawa. Tunalima kahawa nzuri na wengi tunaichemsha pamoja na unga wake na kuinywa bila kuichuja. Kahawa ya namna hiyo ina kitu kinachopandisha LDL, na ukiipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, kitu hicho hubaki juu. Huhitaji kuacha kinywaji cha nyumbani kwenu.

Watoto wako, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi hali hii. Wapimwe lehemu, hata kama ni wembamba na wanacheza mpira mchana kutwa, na ndugu zako wengine wapimwe pia. Kaka yako naye huenda hakuelezwa kwamba ugonjwa wake unawahusu. Mpigie simu.

Daktari, nina miaka 41, natoka Pasua, Moshi. Ninaishi na VVU mwaka wa 12 sasa, natumia dawa bila kukosa na virusi havionekani kwenye kipimo. Kliniki wameanza kuniuliza habari za mafuta ya damu na moyo. Je, kuna jambo wananificha?

Hapana, hawakufichi kitu, na hongera kwa miaka hiyo 12. Wanakuuliza kwa sababu sasa una maisha marefu mbele yako yanayostahili kulindwa. Mtu anayeishi na VVU, hata virusi vikiwa vimedhibitiwa, ana hatari ya mshtuko wa moyo inayokadiriwa kuwa karibu mara mbili ya mtu mwingine wa umri wake. Sababu moja ni kwamba kinga ya mwili hubaki ikiwa macho muda wote, kama moto uliofunikwa majivu, na hali hiyo huchokoza kuta za mishipa. Majedwali tunayotumia kukadiria hatari hayaihesabu vizuri sababu hii, kwa hiyo mtu wa miaka 41 huonekana salama kuliko alivyo.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, wa miaka 40 hadi 75, ambao kwa majedwali hayo hatari yao ilikuwa ya chini au ya wastani. Waliopewa pitavastatini walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa upungufu wa asilimia 35 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa umri wako, basi, swali la statini ni halali hata kama LDL yako si ya kutisha, na unaweza kulifungua wewe mwenyewe kliniki.

Jambo moja la kuwa nalo makini: usijinunulie statini dukani. Simivastatini haitakiwi kuchanganywa na dawa za VVU zenye ritonavia, kwa sababu ritonavia huizuia isivunjwe mwilini, ikajaa kwenye damu na kuharibu misuli. Ukiwa kwenye dolutegravia shida hiyo haipo, lakini dawa zako zinaweza kubadilishwa siku yoyote, na atakayekuuzia kidonge cha lehemu hataona faili lako. Nenda na kopo la dawa unazotumia sasa, liweke mezani mbele ya daktari, kisha umuulize ni statini ipi inayokaa nazo vizuri.